Kuanza ofisi ya kutunza hesabu ukiwa bado unasomea CPA

Mtu aliyehitimu shahada ya uhasibu hapa Tanzania Bara hukaa muda mrefu katikati ya safari. Mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo wengi tunaiita NBAA, hufanyika Mei na Novemba, na hata anayefaulu ngazi ya mwisho hawi CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, siku matokeo yanapobandikwa, kwa sababu Bodi humtaka pia awe na miaka mitatu ya uzoefu wa kazi kabla ya kumwandikisha. Wakati yeye anasubiri, wenye biashara hawasubiri. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye zahanati binafsi, kijana mwenye pikipiki nne za kusafirisha mizigo, wote wanajua kwamba amesoma mahesabu, na mmoja baada ya mwingine humjia na makabrasha kwapani wakimwomba awanyooshee mambo yao na TRA, mamlaka ya kodi.

Swali linalofuata ni kama inafaa kufungua ofisi kabla ya kukamilisha. Jibu langu ni kwamba inafaa, na mimi mwenyewe nilianza hivyo, ila ofisi unayoifungua si ile uliyokuwa ukiiwaza darasani. Haitakuwa ofisi ya ukaguzi wala ya kuthibitisha hesabu za mtu. Itakuwa ofisi ya kutunza vitabu, na itadumu kwa kadiri utakavyokubali kuitwa hivyo bila kuona haya.

Unachoruhusiwa kujiita

Sheria ya Usajili wa Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, Sura ya 286, ndiyo iliyoanzisha NBAA mwaka 1972, na msingi wake ni kutenganisha aliyeandikishwa na asiyeandikishwa. Asiye kwenye daftari la Bodi haruhusiwi kujitangaza kwa umma kana kwamba yumo. Kwa mwanafunzi wa CPA maana yake ni hii: huwezi kukagua hesabu za kampuni na kutoa maoni juu yake, huwezi kutia sahihi kama mhasibu aliyethibitishwa, na huwezi kuweka herufi tatu za CPA mbele ya jina lako, hata kama umebakiza somo moja tu, na hata kama umeyamaliza yote lakini usajili bado. Nimeona watu makini wakiteleza hapo, kwa sababu mtaa mzima umeshawazoea kwa jina la "CPA" na wao wakaona ni ukosefu wa adabu kuwasahihisha watu.

Nilipoanza nilichapisha kadi mia tano zilizoandikwa "Mhasibu na Mkaguzi wa Hesabu" chini ya jina langu. Mwalimu wangu wa zamani aliitazama moja, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta kitu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mdogo wangu, umekagua hesabu za nani?" Kadi zilizobaki nilizichoma nyuma ya nyumba, nikachapisha nyingine zilizosema "Utunzaji wa vitabu vya hesabu na orodha za mishahara". Sikupoteza mteja hata mmoja kwa maneno hayo, na niligundua kwamba mwenye duka hakuwa amewahi kuisoma ile kadi ya kwanza.

Kwa hiyo, kabla ya kibao na kabla ya kadi, fanya mambo mawili. La kwanza, jisajili NBAA katika daraja unalostahili sasa, kwa kuwa daftari la Bodi halina CPA peke yao. Wapo pia mafundi sanifu wa uhasibu waliopitia mitihani ya ATEC, na wapo wahasibu wahitimu. La pili, iandikie Bodi barua fupi inayoorodhesha huduma unazokusudia kutoa, moja baada ya nyingine, pamoja na jina la biashara unalolitaka, ukiuliza kama daraja lako linakuruhusu kuzitoa kwa umma na kama ofisi yenyewe inapaswa kuandikishwa kwao. Usiulize kwa simu. Jibu la maandishi lihifadhi kwenye jalada la kwanza la ofisi yako, kwa kuwa siku mteja mkubwa atakapouliza unafanya kazi kwa idhini gani, karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia.

Kuna mpaka mwingine unaosahaulika, nao ni wa ushauri wa kodi. Kumwandalia mteja takwimu za ritani, yaani tamko lake la kodi, ni kazi moja, na kumwakilisha mbele ya TRA kama mshauri wake wa kodi ni kazi nyingine, ambayo huhitaji uwe umesajiliwa kwa ajili hiyo. Mteja akiitwa na ofisa wa kodi kueleza hesabu zake, mwandalie nyaraka, mweleze kila takwimu imetoka wapi, lakini atakayezungumza kwa niaba yake awe yeye mwenyewe au mshauri aliyesajiliwa.

Kazi yenyewe ni ipi

Wengi hudhani kwamba ukiondoa ukaguzi na ushauri wa kodi hakuna kinachobaki cha kuuza. Kinyume chake, kinachobaki ndicho ambacho biashara ndogo hukikosa zaidi. Mteja wangu wa kwanza, mama mmoja wa Tanga mwenye duka la saruji na mabati, alinikabidhi stakabadhi za mwaka mzima ndani ya mfuko wa rambo, enzi hizo mifuko hiyo ikiwa bado haijapigwa marufuku, akasema, "Mwanangu, mimi hayo ya vitabuni siyajui. Nataka kujua hela yangu inakwenda wapi." Hilo swali halihitaji CPA. Linahitaji mtu wa kukaa na daftari la fedha kila wiki bila kuchoka.

Nieleze kidogo jinsi kazi hiyo inavyokwenda, kwa kuwa hapa ndipo ofisi inapopata heshima au kuipoteza. Kila siku EFD, mashine ya risiti za kielektroniki iliyo dukani, hutoa ripoti ya Z yenye jumla ya mauzo. Chukua ripoti hiyo, iweke mkabala na fedha zilizoingia kwa lipa namba na zilizopelekwa benki siku hiyo. Tuseme ripoti ya Z inasema mauzo ni shilingi 640,000, lipa namba imepokea 410,000, na benki zimepelekwa 150,000. Zimepungua 80,000. Ukimuuliza mwenye duka atakumbuka kwamba waliwalipa vibarua walioshusha saruji, na kwamba hakuandika popote. Tengeneza hati ya malipo siku hiyohiyo, mlipwaji atie sahihi au alama ya kidole, na shilingi 80,000 zimepata kwao. Ukiacha mpaka mwisho wa mwezi, hakuna atakayezikumbuka, na wewe utaziandika "matumizi mengineyo", ambalo ni jina la heshima la kutojua.

Fedha zikizidi ripoti ya Z, jambo ni zito zaidi, kwa sababu maana yake kuna mauzo yaliyofanyika bila risiti. Mweleze mteja wazi, mara ya kwanza kwa mdomo na mara ya pili kwa barua. Akikuambia uyaache nje ya vitabu, mrudishie makabrasha yake mkaagane kwa heshima. Nimefanya hivyo mara mbili, na mara zote mbili niliumia mfukoni.

Upande wa mishahara, biashara nyingi ndogo hukosea kwa kukata kodi kwenye kiasi kisicho sahihi. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 800,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani 80,000, nao hutolewa kwanza, kwa hiyo kiasi kinachotozwa kodi ni 720,000. Kwa viwango vya Bara, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 hutozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, na 200,000 zinazobaki hutozwa asilimia 20, ambayo ni 40,000. Kodi yake ni 60,000, na anachobeba nyumbani ni 660,000. Mwajiri naye anaongeza NSSF yake ya 80,000 na mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, wa nusu asilimia, shilingi 4,000. Akiwa na wafanyakazi kumi au zaidi, kuna na tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Mwandikie mwenye biashara hesabu hii kwenye karatasi moja siku ya kwanza mnapokutana, maana mara nyingi atakuwa hajawahi kuona kwamba mfanyakazi wa 800,000 humgharimu yeye 884,000.

Baada ya hapo kuna kalenda. Kodi ya mishahara (PAYE) na kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kwenye malipo, hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwa aliyesajiliwa, ritani yake na malipo ni tarehe 20. NSSF na WCF zina nafasi ya mwezi unaofuata. Kodi ya mapato ya makadirio, kwa mwenye mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na ritani ya mwisho ya mwaka hupelekwa ndani ya miezi sita, yaani kabla ya Juni kwisha. Zibandike tarehe hizo ukutani, kisha jiwekee zako ambazo ni siku tatu kabla, kwa kuwa mtandao hulemewa siku ya mwisho, na kumbukumbu namba ya malipo isiyotoka saa tatu usiku haina wa kuihurumia.

Mwenye muhuri

Itafika siku hesabu ulizozitunza vizuri zitahitaji sahihi usiyokuwa nayo. Mteja akiwa na kampuni, ritani yake ya mwaka hutakiwa iandaliwe au ithibitishwe na CPA mwenye leseni ya kutoa huduma kwa umma, na benki inayotaka kumkopesha itadai hesabu zilizokaguliwa. Kwa hiyo mtafute mtu huyo mapema, kabla ya mteja wa kwanza, wala usingoje Juni. Nenda ofisini kwake ukiwa na kazi yako mkononi: urari, usuluhishi wa benki wa miezi miwili, majalada yaliyopangwa. CPA mwenye shughuli nyingi humpenda sana mtu anayemletea vitabu vilivyofungwa vizuri, kwa kuwa humpunguzia wiki nzima ya kutafuta stakabadhi.

Uhusiano huo una kanuni zake. Mteja aingie mkataba na CPA moja kwa moja na amlipe moja kwa moja. Wewe usikae katikati ukipokea za pande mbili. Ukikubaliana na CPA akupe chochote kwa kumletea mteja, mteja ajue. Na CPA afanye kazi yake kweli: aulize maswali, aombe nyaraka, akatae anachokitilia shaka.

Naisema hii ya mwisho kwa sababu ipo biashara ya kukodisha muhuri, na wapo watakaokufuata nayo. Mwaka wangu wa pili nilifuatwa na mtu aliyekuwa tayari kugonga muhuri kwenye hesabu za wateja wangu wote bila kufungua jalada hata moja, kwa malipo ya kila seti. Bei ilikuwa nzuri mno. Nilichojiuliza ni kwamba, siku hesabu hizo zitakapohojiwa, yeye atasema aliletewa na mimi, mteja atasema aliniamini mimi, na mimi nitakuwa mbele ya Bodi ileile ninayoiomba initambue. Anayesomea CPA ana cha kupoteza ambacho mtu wa mitaani hana, nacho ni usajili ambao bado hajaupata.

Ukiwa bado umeajiriwa, na ni busara uwe umeajiriwa mwaka wa kwanza, msome mwajiri wako kabla ya mengine yote. Angalia mkataba unasemaje kuhusu kazi ya nje. Akiwa ni kampuni ya ukaguzi, usiguse mteja wake hata kwa salamu, wala usitunze vitabu vya mtu ambaye ofisi yako ya mchana itakuja kumkagua, kwa kuwa utakuwa umeichafua kazi ya wenzako bila wao kujua. Mwandikie barua ukieleza unachofanya na uombe ridhaa. Nilichelewa kufanya hivyo, na mazungumzo ambayo yangechukua dakika kumi yakachukua miezi miwili ya kununiana.

Kuirasimisha biashara yako

Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, ukitumia namba yako ya NIDA. Chagua jina lisilodai usichokuwa nacho. Maneno kama "Wakaguzi" au "Wahasibu Waliothibitishwa" yaache kwanza. Ukiwa na cheti cha jina, nenda TRA kwa TIN (namba ya mlipakodi) ya biashara, kisha halmashauri kwa leseni. Hatua hizi hazina fumbo, na anayekuja kutunza siri za kodi za watu asianze kwa kukimbia leseni yake mwenyewe.

Lenye fumbo kidogo ni kodi yako. Wafanyabiashara wadogo wengi hulipa kodi kwa jedwali la makadirio kufuatana na mauzo yao, na anayeanza huduma ya hesabu hudhani naye ataingia humo. Haingii. Huduma za kitaalamu zimetolewa kwenye utaratibu huo, kwa hiyo utatunza vitabu vyako kamili na kutozwa kwenye faida, kama unavyowahimiza wateja wako. Zaidi ya hapo, mteja anayepaswa kukata kodi ya zuio atakukata asilimia 5 ya malipo ya huduma: ukimdai 150,000 utapokea 142,500. Zile 7,500 hazijapotea, ni kodi yako iliyotangulia, ila uzidai kwa cheti cha zuio, na usipokidai kila mwezi utafika Juni ukikimbizana na watu ambao hawakumbuki hata walikulipa lini.

Kuhusu VAT, fikiria mbele. Kizingiti cha kawaida cha kusajiliwa ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na kwa mwenye wateja sita kiko mbali. Lakini sheria ya VAT huwataka watoa huduma za kitaalamu walioidhinishwa chini ya sheria fulani wasajiliwe bila kujali mauzo yao. Maana yake ni kwamba siku utakapopata leseni ya kutoa huduma kwa umma kama CPA, bei yako itaongezeka papo hapo, asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida. Huduma ya 150,000 itakuwa 177,000, na mwenye duka ambaye hajasajiliwa VAT hana pa kuirudisha ile 27,000. Ukiamua kuibeba wewe ili asikimbie, kati ya 150,000 ileile chako kitakuwa takribani 127,119. Ndiyo maana nasema kwenye makubaliano yako ya kwanza kabisa iwemo sentensi isemayo kwamba bei haijajumuisha VAT, na kwamba itaongezwa pindi sheria itakapoitaka.

Barua ya makubaliano

Hata mteja akiwa mjomba wako, mwandikie barua ya makubaliano ya kazi, kurasa mbili zinatosha. Itaje unachofanya na, kwa aya yake mwenyewe, usichofanya: kwamba hukagui hesabu, huzithibitishi, na humwakilishi mbele ya mamlaka ya kodi. Itaje hadhi yako bila kuremba, kwamba wewe ni mtahiniwa wa NBAA wa ngazi fulani, au fundi sanifu wa uhasibu aliyesajiliwa, kama ndivyo ulivyo. Iseme nyaraka zikufikie tarehe gani, na kwamba zikichelewa, adhabu ya kuchelewa ni yake. Iseme mkiachana makabrasha yanarudishwaje. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu moja kwa moja, kwa kuwa utashika mishahara, namba za NIDA na akaunti za benki za wafanyakazi wa watu. Kwa hiyo eleza taarifa hizo unazitunza wapi na nani anaziona, na kamilisha usajili wako kwa Tume inayosimamia sheria hiyo.

Jambo la fedha za kodi nitalisimulia, kwa kuwa lilinigharimu. Mteja mmoja alinitumia fedha za PAYE kwenye simu yangu jioni ya tarehe 6, ili kesho yake nimlipie. Usiku huo nikapigiwa simu ya msiba Handeni. Nilirudi tarehe 9. Fedha zilikuwepo zote, hakuna aliyeiba chochote, lakini kodi ilikuwa imechelewa, na faini pamoja na riba niliilipa mimi kutoka mfukoni kwa sababu sikuwa na cha kusema. Tangu siku hiyo hakuna senti ya kodi ya mtu inayopita kwenye simu au akaunti yangu. Naandaa ritani, natoa kumbukumbu namba, namtumia, analipa mwenyewe, ananirudishia uthibitisho nauweka kwenye jalada. Vivyo hivyo nywila ya akaunti yake ya TRA ni yake. Kama mfumo unaruhusu akuidhinishe kwa jina lako, fanyeni hivyo, na kama hauruhusu, kaeni pamoja wakati wa kutuma.

Na ujue kwamba wahasibu ni miongoni mwa wanaotakiwa na sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu kutoa taarifa za miamala inayotia shaka. Mteja wa duka la nguo anayepitisha mamilioni yasiyo na nguo nyuma yake si mteja mzuri, hata akilipa kwa wakati.

Bei

Usianze kwa kuuliza wenzako wanatoza kiasi gani, kwani wengi wanatoza kwa woga. Anza na saa zako. Tuseme unataka ofisi ikuingizie 900,000 kwa mwezi, na jioni zako pamoja na Jumamosi zinakupa saa 60 za kazi ya wateja baada ya kutoa saa za kusoma. Saa moja ni 15,000. Duka lenye miamala ya wastani, ukihesabu na kwenda kuchukua makabrasha, litakula saa kumi, kwa hiyo bei yake ni 150,000 kwa mwezi, na nauli juu. Ukiona mteja hawezi, mpunguzie kazi, usipunguze saa: atunze mwenyewe daftari la fedha, wewe uje mara moja kwa mwezi kusuluhisha benki na kuandaa ritani.

Miezi iliyolala ni kazi tofauti na bei tofauti. Mtu akija Mei na mfuko wa mwaka mzima, usiuchukue kwa bei ya mwezi mmoja kwa kuwa tu mnajuana. Mtoze kusafisha kwanza, alipe nusu kabla hujafungua mfuko, kisha ndipo muanze mkataba wa kila mwezi. Na usikubali kulipwa kwa sehemu ya kodi "uliyookoa". Malipo ya namna hiyo hukufanya uwe na maslahi katika takwimu unazoziandika.

Mitihani isimezwe na ofisi

Hatari kubwa ya njia hii si Bodi wala TRA, bali ni kwamba ofisi itaanza kukulipa kabla mtihani haujakulipa. Kijana mwenye wateja wanane anayeingiza fedha nzuri huahirisha somo moja, kisha mawili, na baada ya miaka mitano bado ni mtahiniwa mwenye mvi.

Tazama kalenda uone zinavyogongana. Wateja wako wengi watakuwa na mwaka wa hesabu unaoishia Desemba, kwa hiyo Aprili, Mei na Juni ni miezi ya kufunga hesabu na kuandaa ritani ya mwisho, na mtihani wa Mei uko katikati yake. Novemba, kwa upande mwingine, ni kimya zaidi: awamu ya Septemba imeshapita na ya Desemba haijafika. Mimi nilijipangia masomo mazito Novemba na somo moja tu Mei, nikawahimiza wateja tufunge hesabu za mwaka Februari wakati kumbukumbu zao bado mbichi. Wiki sita kabla ya mtihani sipokei mteja mpya, na jambo hilo nalisema mapema, wala hakuna aliyewahi kukasirika.

Lingine ni ule uzoefu wa miaka mitatu. Uzoefu hauwi uzoefu mbele ya Bodi kwa kuwa tu umefanya kazi. Unahitaji msimamizi anayeujua na kuuthibitisha. Aliyejifungia peke yake katika ofisi yake, akitunza vitabu vya maduka kumi, anaweza kufika mwisho wa mitihani na kukuta hana wa kumwekea sahihi. Kwa hiyo usiache ajira yenye CPA juu yako mpaka umehakikisha namna nyingine ya kusimamiwa. Ikiwa yule CPA mnayeshirikiana naye atakubali kuwa msimamizi wako, iulizeni Bodi kwanza kama mpangilio wenu unakubalika, kisha andika kumbukumbu za kazi kila mwezi na umpelekee atie sahihi wakati huohuo. Kumbukumbu za miaka mitatu zinazojazwa kwa wino mmoja usiku mmoja hujionyesha.

Siku usajili utakapotoka, usibadilishe kibao kwanza. Anza na jalada la kila mteja: mwandikie barua mpya ya makubaliano yenye hadhi yako mpya, kwa kuwa ile ya zamani inasema huthibitishi hesabu. Usajili wa CPA pekee haukupi ruhusa ya kutoa huduma kwa umma, kwa hiyo omba na leseni hiyo na usajili wa ofisi, na leseni ikitoka, VAT itakuwa inakusubiri mlangoni. Kisha orodhesha wateja ambao umewatunzia vitabu vyao wewe mwenyewe kwa miaka yote hii, na hao, wakihitaji ukaguzi, uendelee kuwapeleka kwa mwingine.